Nimesukuma chukudu bure, mwenyewe akakasirika. Kosa langu ni lipi?

#1 Mwalimu_wa_Kasika
Wakubwa, salamu. Kuna kitu kinanikaa rohoni tangu Ijumaa.

Nilikuwa natoka shuleni kwa miguu, mvua imetoka kukatika. Hapa Goma, pale panapoanza mpando wa kuelekea Munigi, nikakuta chukudu imekwama. Mifuko sita ya simenti imefunikwa na shitingi, na papa mmoja wa miaka hamsini hivi ameegemeza bega, miguu inateleza kwenye changarawe ya volkano. Nikamwambia, "Papa, ngoja nisukume." Aliangalia viatu vyangu kwanza, halafu akasema, "Haya."

Tulisukuma labda dakika ishirini. Tulipofika juu akaweka jiwe chini ya gurudumu, akatoa kisasheti mfukoni, akakifungua polepole na kunitolea faranga mia tano. Noti yenyewe imebandikwa skochi katikati. Nikamwambia, "Hapana papa, ni msaada tu." Akanyoosha mkono tena. Mimi nikaweka mikono nyuma, hivi, kama mtoto. Uso wake ukabadilika. Akaniuliza, "Mimi nilikuomba?"

Sikuwa na jibu. Akaiweka ile noti juu ya ukuta wa mawe, akaiwekea kajiwe juu, akatoa jiwe la gurudumu na kwenda zake. Hakugeuka.

Shati langu la kazi lina simenti mpaka leo. Nieleweshwe: kosa langu ni lipi?

#2 Mwana_Birere
Kabla ya yote, Mwalimu: ile mia tano ilibaki pale pale? Nani aliichukua? Mengine tutajibu baadaye.

#3 Mama_Kituku
Mwana_Birere, weye kila siku ni makuta (pesa) tu.

Mwalimu, ule papa hakukukasirikia weye. Alikimbia deni. Mie nauzishaka sambaza, samaki ndogo ya ziwa, hapa Kituku, mambo ya deni naijua kuliko mapadri. Mwaka 2022 nilikuwa na malaria, jirani akanichungia mutoto siku mbili. Nilitaka kumupa kitu, akakatala, akasema sisi ni bandugu. Basi. Tangu ile siku, kila Jumamosi anafika kwa meza yangu: "Mama, unikumbuke." Ninapima kopo moja, namupa. Siku moja usiku nilianza kuhesabu makopo, nikaacha ju roho ilianza kuniuma. Ningemupa elfu tano ile siku ya malaria, leo tungekuwa tunasalimiana muzuri, kila mutu kwake.

Mutu wa chukudu anapita ule mupando kila siku. Hataki kila siku akukute pale unamuchekea.

#4 Kijana_wa_Dar
Wakuu, samahani kuingilia. Chukudu ndiyo nini? Mkokoteni?

#5 Fundi_Kibumba
Dar, mkokoteni unavutwa. Chukudu inaendeshwa. Ni kama baiskeli ya mbao isiyo na pedali: magurudumu mawili ya mti, usukani, na ubao mrefu katikati wa kubebea. Mimi ninazichonga. Magurudumu ni ya mti mgumu, mumba ukiupata, mwili ni mikaratusi. Gurudumu unalivika mpira wa tairi lililokufa, unapigilia misumari pembeni. Mbele unaweka springi. Kwenye ubao unapigilia kandambili ya zamani, hapo ndipo dereva anapiga goti, mguu mwingine unasukuma chini. Breki ni kipande cha tairi nyuma, unakanyaga kinabana gurudumu. Wakati wa kushuka na makabichi na viazi kutoka Kibumba mpaka mjini, hiyo breki ndiyo inakutenganisha na kaburi.

Hapa Goma tumeisimamishia hadi sanamu, iko kwenye mzunguko katikati ya mji, rangi ya dhahabu, Rais Kabila mwenyewe alikuja kuizindua mwaka 2009. Mwenye chukudu halisi akipita pale, polisi wa barabarani anampigia filimbi atoke njiani. Haya.

Sasa Mwalimu, mimi nina swali la ufundi. Mifuko sita ni kilo 300. Hakuna mtu mwenye akili anayeanza mpando ule na kilo 300 peke yake, na matope yapo. Wasukumaji walikuwa wapi?

#6 Mwalimu_wa_Kasika
Asante Fundi. Kweli, kulikuwa na vijana wawili wamekaa juu ya ukuta wa mawe, mmoja anakula muwa. Hawakusogea hata kidogo. Ndiyo sababu mimi nilishikwa na huruma, nikasema moyoni, vijana wa leo hawa.

#7 Msukuma_wa_Zamani
Aaah. Sasa hadithi imekamilika.

Mwalimu, hao hawakuwa wavivu. Walikuwa kazini. Nimekaa kwenye ukuta kama huo miaka mitatu, ndivyo nililipia masomo ya sekondari. Kazi inaendaka hivi: chukudu inafika chini, mwenyewe anajaribu peke yake hatua kumi ili aonyeshe kwamba anaweza. Wewe unakula muwa wako. Anasema mia tatu. Unaendelea na muwa. Anasema mia nne. Unatema maganda. Akifika mia tano unashuka. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayetukana, ni mazungumzo bila mdomo. Wewe uliingia katikati ya bei.

Na angalia alichofanya. Mia tano ndiyo bei ya pale. Hakukupa zawadi, alikupa bei. Kesho atapita tena, akiwa na mifuko sita au minane, na wale vijana watamkumbuka kama mtu aliyesukumiwa bure. Watamwacha anyeshewe. Ulipokataa, akaiweka kwenye ukuta. Ukuta upi? Ule waliokaa wao. Hiyo noti haikuwa yako tena.

#8 Mwana_Birere
Kwa hiyo walichukua wao?

#9 Msukuma_wa_Zamani
Mimi sikuwepo, ndugu yangu.

#10 Kijana_wa_Dar
#7 imenifundisha uchumi kuliko chuo. Lakini kwetu tunasema tenda wema nenda zako. Mwalimu kosa lake ni kwamba alitenda wema akabaki amesimama pale.

#11 Papa_Katindo
Vijana, mnasahau kitu. Mtu wa miaka hamsini na kitu amezaliwa wakati gani? Alikuwa mtoto enzi za Mobutu. Aliona wazazi wake wakitolewa nyumbani kwenda salongo: leta jembe, leta panga, fagia barabara, na usipofika unalipa faini. Iliitwa kazi ya kujitolea kwa taifa. Salongo ndiyo iliyotuharibia neno bure. Mpaka leo mtu wa umri wangu akisikia "bure" anatafuta mlango. Kabla ya Mobutu mambo hayo hayakuwepo, watu walilimiana mashamba kwa pombe na furaha.

#12 Mjukuu_wa_Mtwari
Papa, kwa heshima yote, hapo mwisho si hivyo. Kufanyishwa kazi kwa lazima kulikuwepo kabla hata baba yake Mobutu hajaoa. Wabelgiji mwaka 1917 waliweka amri ya kulima mazao ya lazima, hadi siku 60 kwa mwaka kwa kila mwanaume, na wakati wa vita kuu ya pili zikafikishwa 120. Na barabara zilitengenezwa na nani? Babu yangu alikuwa akisema "pamba" kwa sauti ambayo watu wengine wanaitumia kwa jina la ugonjwa. Mobutu alikuta nyumba imejengwa, akabadilisha rangi ya mlango tu.

#13 Papa_Katindo
Nimekubali kuhusu siku 60. Lakini pombe ilikuwepo, hiyo usiniondolee.

#14 Mwana_Birere
Na hapo ng'ambo Gisenyi, Rwanda, wana umuganda, kazi yao ya pamoja, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, barabara zao ni safi. Sisi tulikataa bure, tukabaki na matope. Nasema tu, msinipige.

#15 Nyota_ya_Kadutu
Salamu kutoka Bukavu. Nyie wa Goma mna chukudu kwa sababu mna tambarare kidogo. Kwetu Kadutu ni ngazi na mteremko, mzigo unapanda kwa mgongo wa mama, kamba kwenye paji la uso. Mama yangu mzazi alibeba hivyo.

Mimi sioni salongo hapa, naona mashirika. Niliwahi kufanya kazi ya muda na shirika moja (jina naliacha). Tulifika kwenye mtaa kuwaomba watu watoe takataka kwenye mtaro wao wenyewe, unaopita mbele ya milango yao wenyewe. Swali la kwanza: "Motivasyo ni ngapi?", yaani malipo. Nilikasirika sana. Nikamwambia bosi wangu, watu hawa wamepoteza utu. Jioni nikajaza fomu yangu ya posho ya kutembelea mtaa huohuo. Dola kumi na tano. Nilikuwa nimeshatia sahihi ndipo nikajiona.

Sijui kama ule papa amewahi kuona shirika. Ila mji mzima umezoea kwamba kila tendo lina karatasi ya kusaini.

#16 Fundi_Kibumba
#15 ni mkweli. Lakini chukudu zililipia wasukumaji tangu shirika la kwanza halijafika. Marehemu baba alilipa kwa viazi.

#17 Dada_Ndosho
Mimi nasoma tu tangu jana, ngoja na mimi nitoe yangu ingawa inatoka nje kidogo ya barabara.

Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka usiku wa Jumamosi tarehe 22, tulibaki nyumbani. Lava ilikuwa imefika uwanja wa ndege, ila kwetu Ndosho hakukuwa na kitu. Halafu Alhamisi tarehe 27 wakatangaza asubuhi watu watoke. Tulikwenda Sake kwa miguu, watu tisa, na mama mkwe amebebwa kwa pikipiki. Pale Sake mama mmoja tusiyemjua alitutoa barabarani kwa mkono. Tulilala kwenye sebule yake usiku nane. Siku ya kurudi tulikusanya dola arobaini. Alikataa. Si kwa maneno, alifunga tu mikono ndani ya kitenge. Akasema, "Siku mukirudi huku muniletee chumvi." Kwetu hiyo ilikuwa adabu yake ya kutuondolea aibu.

Februari 2024 vita ikafika Sake. Siku moja jioni nafungua mlango, ni yule mama, mume wake, watoto watano, godoro kichwani. Hakuomba. Nami sikuuliza. Waliingia.

Sasa hapa ndipo watu wa makanisa wanapenda kumalizia hadithi. Lakini walikaa miezi mitano. Sebule yetu si kubwa kuliko ya kwao. Mwezi wa pili kulikuwa na maneno juu ya makala (makaa), nani amepika saa ngapi. Mwezi wa nne mume wangu na yule baba walikuwa wanapitana uani bila salamu. Mwezi wa tano walihamia kambini, na aliyesema waende si wao. Hatupigiani simu.

Na chumvi sikuwahi kupeleka. Miaka mitatu ilikuwa kilomita 25, sikuwahi.

#18 Mjukuu_wa_Mtwari
Dada, pole sana. Marekebisho madogo tu: 2021 lava haikuingia uwanja wa ndege, ilisimama Buhene, karibu kabisa. Iliyofunika sehemu ya uwanja ni ile ya 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji.

#19 Dada_Ndosho
Asante. Usiku ule mwekundu wote ulikuwa uwanja wa ndege kwangu.

#20 Mama_Kituku
Dada Ndosho, nasoma nikiwa kwa meza, sambaza inakauka. Angalia: siku nane bule ilipita muzuri, miezi tano bule ikaharibu. Njo nilisema pale #3. Bule iko na siku zake, sawa vile samaki.

#21 Nyota_ya_Kadutu
Mama Kituku, lakini wewe mwenyewe unatoa matabishi kila siku! Nikinunua kwako kopo nne, si unaongeza kiganja?

#22 Mama_Kituku
Matabishi si bule, mama. Matabishi ni dawa. Namutilia ule asiyepiga bei sana, ili kesho apite meza tano aje kwangu. Ule wa kupiga bei mpaka mate inakauka, simutilii hata kichwa ya samaki moja. Na kiganja yangu iko na kipimo, usifikiri. Vidole nakunjaka.

#23 Kijana_wa_Dar
"Vidole nakunjaka" 😂😂 Sisi tunaita nyongeza. Matabishi ni Kiswahili hicho?

#24 Mjukuu_wa_Mtwari
Limetoka kwa Wareno kupitia Angola: matabicho, yaani "kuua mdudu", kile kinywaji cha asubuhi cha kuamsha tumbo. Huku likawa pesa ndogo ya shukrani, na sokoni ni ile nyongeza. Yaani mdudu anayeuawa mpaka leo ni njaa.

Na hata hizo sambaza za Mama Kituku ni za kuletwa. Ziliingizwa Ziwa Kivu mwaka 1959 kutoka Tanganyika. Hakuna aliyetutoza.

#25 Mama_Kituku
Weye mutoto wa Mtwari, siku mutu wa Tanganyika akifika kuomba samaki zake, nitamutuma kwako.

#26 Jicho_la_Majengo
Uzi mzuri lakini wote mmepita jambo lililoandikwa wazi kwenye #1: "Aliangalia viatu vyangu kwanza." Papa aliona mwalimu, shati safi, viatu vya kamba. Angesukumwa na mtu wa kandambili asingeuliza "mimi nilikuomba?" Kulipa mia tano ilikuwa njia yake ya kuwa mkubwa wa pale kwa dakika moja: mimi patro, wewe msukumaji. Wewe ukamnyima hata hiyo dakika. Kilo 300 amesukuma yeye, na wewe ukataka uondoke na heshima yote.

Samahani kama ni kali. Baba yangu ni dereva wa chukudu, si huyo, lakini najua ule uso.

#27 Mwalimu_wa_Kasika
Jicho, nimesoma mara tatu. Sina neno.

Ila niseme jambo moja la kujitetea. Mimi pia nafundisha kwa "prime" ya wazazi, pesa wanayotuchangia walimu. Mwezi unapoisha mzazi ananipa bahasha huku akiangalia ukuta. Tangu benki zifungwe hapa Januari 2025, bahasha zimekuwa nyembamba na noti zote ni za skochi. Kwa hiyo ile siku, nilipokataa mia tano, kwa mara ya kwanza katika muda mrefu nilijisikia mtu mwenye nacho. Labda hicho ndicho alichokiona. Sijui.

#28 Mwana_Birere
Mwalimu tunakupenda. Lakini uzi umefika #28 na swali la #2 halijajibiwa. Noti ya mia tano, yenye skochi, chini ya kajiwe. Iko wapi? Na nitangaze mapema: ikiwa ya skochi, hakuna mama wa Birere atakayeipokea.

#29 Papa_Katindo
Huyu Birere angekuwa kwenye ushuru, nchi ingekuwa na barabara.

#30 Msukuma_wa_Zamani
Jicho #26, nakuheshimu, lakini sikubaliani. Dereva wa chukudu hana muda wa kuwa mkubwa wa mtu. Ana simenti, ana mvua, ana mwenye simenti anayempigia simu. Nasisitiza ni bei. Tulikuwa na mzee mmoja alikuwa anatulipa hata siku ambazo hatukusukuma, akipita na chukudu tupu. Mia moja moja. Tulidhani ni mwendawazimu mpaka mvua kubwa ya Aprili, tulipoacha mizigo ya wengine tukakimbilia yake.

#31 Jicho_la_Majengo
Na wewe hukujiuliza kwa nini alijisikia vizuri akiwapa mkiwa mmekaa?

#32 Msukuma_wa_Zamani
Tulikuwa na njaa, kaka. Tuliuliza kesho atapita saa ngapi.

#33 Dada_Ndosho
Kuna mtu ananiambia inboksi nipeleke chumvi sasa. Nipeleke wapi? Kambi zilivunjwa, watu walitawanyika. Nimeuliza kwa majirani wa zamani wa Sake, wengine wanasema wamerudi, nyumba haina bati. Nitaendelea kuuliza.

#34 Nyota_ya_Kadutu
Ukimpata, peleka na bati moja juu ya chumvi. Halafu usikae.

#35 Mama_Kituku
Na umutume mume yako abebe bati. Ule baba atasalimia bati, kisha atasalimia mutu.

#36 Mwalimu_wa_Kasika
Narudi na habari. Jana Jumanne nilipita tena pale mpandoni, makusudi. Vijana walikuwepo wote wawili, na wa tatu mdogo. Waliponiona wakaanza kucheka. Kumbe nina jina: "Papa Bule".

Niliuliza kuhusu noti. Wa kwanza anasema mwenzake alichukua. Mwenzake anasema ilipeperushwa na upepo, na kajiwe je? Akasema upepo wa Goma ni mkali. Yule mdogo anaapa kwamba papa wa chukudu mwenyewe, baada ya kushusha simenti, aliteremka na chukudu tupu, akasimama, akainua kajiwe, akaichukua noti yake na kwenda. Mwana_Birere, chagua unayoipenda.

Wakati tunazungumza ikafika chukudu nyingine, mahindi, magunia manane. Dereva ni kijana. Akaanza zile hatua zake kumi.

#37 Mwana_Birere
Nachagua ya mdogo. Na ukafanyaje? Ulikaa kwenye ukuta?

#38 Mwalimu_wa_Kasika
Nilikaa. Walinipa kipande cha muwa. Bei ilipofika wakashuka, nami nikashuka nao. Tulisukuma watu wanne, yule mdogo anaweka jiwe nyuma ya gurudumu kila tukipumzika. Juu kule dereva akamlipa mkubwa wao, na mkubwa akatugawia. Mimi nimepewa mia mbili. Nimeipokea.

#39 Msukuma_wa_Zamani
Magunia manane ya mahindi, mia mbili tu? Mwalimu, walikuibia.

#40 Mwalimu_wa_Kasika
Wanasema nasukuma kwa mikono, sisukumi kwa bega.

#41 Fundi_Kibumba
Hapo hawajakuibia.